Karatasi ya Wapiga Kelele

Wa rika langu mtanielewa: enzi zetu darasa lilitawaliwa na kipande cha karatasi. Mwalimu akitoka tu, kiranja anachana ukurasa wa katikati wa daftari, anaanza kuandika wapiga kelele. Ukinong'ona, jina. Ukicheka, jina na neno "sana" pembeni. Kule kwetu milimani, Uluguru, asubuhi ukungu uliingia hadi darasani, vidole tukavificha ndani ya sweta, lakini karatasi ile ilitutoa jasho.

Darasa la nne kiranja nilikuwa mimi, na Mungu anisamehe, niliupenda ukubwa ule. Siku moja rafiki yangu Zuhura alikataa kunimegea pera lake wakati wa mapumziko. Tuliporudi darasani hakufungua mdomo, mpole yule, lakini nilimwandika wa kwanza: "Zuhura, sana." Mwalimu Tabu, mwalimu wetu wa darasa, akampa adhabu ya kuchota maji mtoni, ndoo nne. Mtoni kwetu ni kuteremka hadi magoti yatetemeke. Nilimwona dirishani akipanda, sketi imelowa, hanitazami.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Siku ya tatu niliacha uji wangu mezani. Nikaenda ofisini.

"Shikamoo mwalimu. Zuhura hakupiga kelele."

"Marahaba. Sasa ulimwandika kwa nini?"

"Alininyima pera."

Nilishanyoosha mkono kungoja fimbo. Hakuigusa. Akasema, "Kumbe nimemwadhibu mtoto asiye na kosa. Twende tukamwombe radhi, wote wawili."

Mwalimu mzima akapanda nami mlima ule, viatu mkononi, hadi kwa bibi yake Zuhura. Akamwita Zuhura, akamwambia mbele ya bibi, "Mwanangu, nilikosea." Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akimwambia mtoto hivyo. Nililia kuliko aliyeonewa. Zuhura, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, akanijibu, "Utanibebea madaftari wiki nzima." Nilibeba mbili. Bibi akatuandalia magimbi ya moto, tukala sahani moja.

Leo nami ni mwalimu, huku mjini, Kihonda. Kiranja wangu karatasi haijui, ananishauri, "Madam, si uache simu yako hapa iwarekodi?" Nikimsimamisha mtoto kwa kelele, kengele haijalia, mama yake keshaandika kwenye kundi la wazazi kwamba mwanawe ana msongo. Tunacheka ofisini, tutafanyaje?

Sisemi zamani ilikuwa peponi. Ndoo zile zilikuwa nzito, na fimbo ziliuma. Ila wiki iliyopita nilimkaripia binti mmoja kwa kosa la jirani yake wa dawati. Nilipojua ukweli, sikuweza kutulia. Jioni nikaenda kwao kwa miguu, nikabisha hodi. Mama yake akafungua geti nusu, mkono mmoja bado kwenye komeo.

"Mwalimu," akauliza kwa mshangao, "kwani hukuweza kutuma meseji?"