Neno la Kutema Mbele ya Mizinga

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano pale Mwankoko, nilikuwa na wivu wa kunikosesha usingizi, na wivu wenyewe ulikuwa na jina: Zaituni. Tulikaa dawati moja. Shule ilipotupeleka kupiga kambi kwenye shamba moja karibu na Kintinku, yeye alikuja na godoro la sponji, viatu vya mvua na boksi la biskuti, vyote katumiwa na mama yake aliyefanya kazi Dodoma. Mimi nilikuwa na kanga mbili za mama na kifuko cha karanga.

Kambi ilikuwa balaa tupu. Mvua ilipenya turubai, viroboto wa zizi la mbuzi wakahamia kwetu, na ugali wa uwele tuliula na mlenda ulioingia moshi. Wote tuliteseka, lakini Zaituni aliteseka juu ya godoro. Hilo ndilo lililoniuma.

Tulivumilia kwa sababu ya asali. Siku ya mwisho mwenye shamba, Mzee Mughenyi, alikubali tusogelee mizinga yake akirina. Ila kwanza alitupanga mstari, kata ya maji mkononi. Alituambia jambo ambalo hata bibi yangu alikuwa akilisema: nyuki humjua mwenye kinyongo, na huyo ndiye wanayemfuata.

"Mwenye neno na mwenzake alitaje, kisha ateme maji chini," mzee alisema. "Ukificha, usisogee. Sitaki kesi na wazazi wenu."

Nitaje mbele ya darasa zima, na mwenyewe yuko ubavuni pangu?

Zaituni akatangulia. "Shikamoo babu. Mimi nina neno na Sija."

Sija ni mimi.

"Mama yake alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampungia mkono mpaka tukapotea. Wangu hutuma vitu tu."

Akapiga funda, akatema, akaenda kwenye mizinga.

Ningemhurumia, lakini nilizidi kumwonea wivu: hata kusema kanitangulia! Zamu yangu ilipofika nilisingizia tumbo, nikabaki kwenye ua wa miiba. Nyuki mmoja alinifuata huko huko akaniuma sikio. Zaituni alirudi na sega, asali ikimchuruzika mpaka kiwikoni, akanimegea kipande kikubwa.

"Kula, Sija. Langu limeisha."

Mwanangu ameniambia mara nyingi kwamba kinachowatuliza nyuki ni moshi, na mimi namkubalia. Lakini Zaituni sasa ana mizinga yake Kintinku, na nyumba ya bati la rangi, na juzi alinipigia simu niende tukarine pamoja. Nyuki siwaogopi tena. Ninachotaka ni kumtazama machoni tukila asali yake.

Asubuhi ya safari nilijifungia jikoni na kikombe cha maji.

"Zaituni, lile godoro," nilisema. Nikaona haitoshi. "Na mizinga. Na bati."

Ndipo nikapiga funda, nikatema.