Kikosi cha Msimu Ujao

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya kuwashia mkaa, natafuta mtu wa kugombana naye. Wenzangu hapa Johannesburg wakiinusa wanameza mate, maana nyama inakuja. Mimi namwona Kocha Rui amesimama kando ya jiko, koleo mkononi, anageuza soseji huku anatuhukumu.

Niwaambie mapema msije mkanilaumu: sikuja kuwasimulia habari za kusameheana. Nilikuwa na miaka kumi na moja, naitwa Furaha, na msicheke. Tulikaa Rosettenville, mimi, mama na mdogo wangu wa kiume, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu. Mama alitoka Lubumbashi, alisuka nywele saluni siku zote isipokuwa Jumapili. Jumamosi wateja walimjaa hata chai hakuigusa, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya besiboli.

Wakongo wenzetu walitushangaa. Watoto wao walicheza soka, mchezo unaoeleweka. Mimi nilipita siku moja kando ya uwanja, nikaona watoto wanapiga mpira kwa gongo na wengine wanaukimbilia na glavu, nikaganda pale kwenye uzio mpaka wakaniita. Waliniweka nyuma kabisa, upande wa kushoto, kazi yangu kudaka mipira inayopigwa juu. Nilipenda ule muda mpira uko angani na watu wote wamenyamaza, halafu pa! umetua kwenye ngozi. Nilidaka vizuri. Nalisema bila aibu, kwa sababu miaka mingi sikuweza kulisema.

Msimu wenyewe ulikuwa balaa. Tulishinda mechi chache, nyingine ziliharibiwa na mvua za radi, zilizobaki tulipigwa kama ngoma. Tulikuwa na mtoto mmoja, Jayden, aliyeshinda uwanjani akichuma majani, na kocha alimkumbusha kila Jumamosi glavu inavaliwa mkono gani. Baba yake ndiye aliyetupakia kwenda viwanja vya mbali kwenye bakkie yake, pikapu ya milango minne, tumebanana kiti cha nyuma, magoti yanakaribia masikio.

Mechi ya mwisho tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Mpira ukapigwa juu, ukaja kwangu, jua likaniingia machoni, ukagonga ukingo wa glavu ukaanguka. Wapinzani wawili wakamaliza mzunguko wao kabla sijauokota. Tukashindwa. Jayden alikuwa bado anachuma majani.

Wiki iliyofuata klabu ikafanya braai, karamu ya nyama choma, ya kufunga msimu. Wazazi walikaa kwenye viti vyao vya kukunja; mama yangu alikuwa saluni, vidole kwenye kichwa cha mtu. Kocha alipitia mechi moja moja, nani alirusha vizuri, wapi tulilegea, kisha akatangaza kwamba msimu ujao kikosi kitapunguzwa.

"Eish, jamani, besiboli ni kudaka," alisema. "Asiyedaka anatumaliza." Akanitazama mimi.

Halafu akaanza kuwaita waliobaki kikosini, kila mmoja anapokea kofia mpya na kupigiwa makofi. Jayden aliitwa wa pili. Sisi watatu hatukuitwa: mimi, Themba aliyekuwa akiletwa kwa miguu na bibi yake, na mtoto wa mlinzi mmoja wa Burundi, ambaye ndiye aliyekuwa mrushaji wetu bora. Wala sikujiuliza mrushaji bora anaachwaje. Nilikuwa na aibu yangu, sikuangalia ya wenzangu. Soseji ilinipoa mkononi.

Jioni nilimwambia mama kwamba nimeachwa kwa sababu sijui kudaka. Alikaa kitandani, hajavua hata koti. Kisha akasema, "Bon. Tutafanya mazoezi."

Na tulifanya, baridi yote. Akirudi kazini, vidole vimevimba kwa kusuka, alisimama uani akinirushia mpira wa tenisi kama mtu anayefukuza kuku kwenye unga. Upepo ulituletea vumbi la migodi mpaka tukalitafuna. Alirusha hadi giza lilipotuingia, na hakulalamika hata siku moja. Mwezi wa tisa nilikuwa nadaka kwa mkono wowote ule. Nikaenda kwenye majaribio, sikuangusha mpira hata mmoja. Kocha akanigusa bega: "Sharp, sharp, tutakupigia."

Hakupiga. Basi nikajua kwamba ubovu uko mikononi mwangu na hauponi. Shuleni sikushika tena mpira wowote. Kanisani wenzangu walipokezana sahani, mimi nilijitolea kufagia. Nilikua hivyo, mtu mzima anayeogopa kupokea glasi.

Mwaka jana mdogo wangu akapata mtoto. Tulikuwa kwa mama, amepika bukari, ugali wa kwao, na samaki, mtoto analia.

"Shika mtoto, nipakue," mama akaniambia.

"Mimi? Nitamwangusha. Mikono yangu unaijua."

"Mikono yako iko na nini?" Akanitazama, na nikaona uso wake unabadilika. "Ile mambo ya besiboli? Furaha, haikukuwa mikono. Yule kocha alinipigia telefone siku mbili mbele ya ile braai. Aliniuliza kama niko na motokari ya kubeba batoto. Nikamwambia hapana. Akasema basi, atabakisha tu bale benye bazazi yabo beko na motokari."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanirushia mpira baridi yote ile?"

Mama alimhamishia mtoto bega la pili. "Mais, ulipenda nikuambie nini? Kwamba unajua kudaka, ni mama yako njo hana motokari? Kudaka mtu anajifunza. Motokari ningetoa wapi?"

Nilielewa hapo hapo, na kuelewa hakukunituliza. Yule bwana alisimama mbele ya watu akatuchambulia msimu mzima kama hakimu, na kumbe alikuwa amekwisha kuhesabu viti vya magari. Kosa langu moja alilifanya kichaka cha kujifichia. Namchukia hata sasa. Mama naye alidhani ananiachia kitu ninachoweza kukirekebisha. Ningeambiwa ukweli ningemchukia kocha tu, na hilo lisingenishinda, mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuchukia vizuri sana. Badala yake niliichukia mikono yangu, na nimeishi nayo.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Hivyo hivyo. Ungeniambia hivyo hivyo."

Alinisukumia mtoto kifuani akaenda jikoni, nikabaki nimemshika, nina hasira, na hakuanguka.