Faili Jembamba la Mama Pindo

Ilikuwa mwaka ule tulipoezeka mabati mapya. Hapana, nasema uongo, mabati yalikuwa mwaka wa nyuma yake. Huu ni mwaka ambao mke wangu, fundi cherehani, mtaa mzima ukimwita Mama Pindo, alianza kushona mikono ya shati shingoni.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia taratibu. Nikamfichia mkasi na viberiti, nikawa namshika kiuno akishuka ngazi, asianguke. Vidonge vyake vya presha nilikwenda kuvichukua mwenyewe, yeye nikimwacha na dada yangu.

Mke wa jirani yetu kinyozi naye alisahausahau, ila si kama wangu. Yule bado alimtukana mumewe kwa jina lake kamili. Lakini kinyozi ana mguu mwepesi wa hospitali: mke akikohoa, hospitali, akijikwaa, hospitali.

Basi nikaona muuguzi mwenye begi la bluu anapiga hodi kwa kinyozi. Akawa hakosi wiki. Anamwogesha yule mama, kinyozi amekaa barazani miguu juu, ananiita, "Mzee mwenzangu, njoo tupige soga, niko likizo."

"Kula likizo yako peke yako," nikamjibu. Roho iliniuma. Nilimwonea wivu mpaka soksi zake safi.

Nikaenda hospitali. Karani akanieleza kwamba muuguzi hutumwa kwa waliozidiwa, na kompyuta ndiyo inayokadiria nani kazidiwa: inatazama mtu ameletwa mara ngapi, ameanguka, amelazwa, kapewa dawa gani. Akamtafuta mke wangu.

"Babu, bibi yuko mwanzoni tu. Hongera."

"Mwanzoni? Jana kaniuliza mume wake atarudi lini."

"Hilo halimo humu."

"Na wa kinyozi kazidiwa?"

Akacheka. "Babu, unaona wivu wa ugonjwa?"

"Ninao, binti yangu."

Akasema nimpeleke kwa daktari. Nikampeleka. Siku hiyo Mama Pindo akamnyoosha daktari kola, akamwambia mshono umekaa vibaya, na kweli ulikaa vibaya. Daktari akafurahi, akaandika yuko vizuri. Njia nzima ya kurudi aliniita dereva, akinihimiza nisipitilize nyumbani kwake.

Mlangoni kwa kinyozi nikakutana na muuguzi anatoka, mikono ingali na unyevu. Nikamsimamisha, Mama Pindo kaniegemea begani. Nikamuuliza: binti yangu, mtu ambaye haanguki kwa kuwa yupo anayemshika, kompyuta yenu inamhesabu wapi?