Nilivyomwekea Mwenye Nyumba Wangu Msiba Akiwa Chimala

Msimu mzima wa mazoezi niliamini, kwa moyo wangu wote na cheti cha masomo ya jioni kikining'inia ukutani, kwamba kilio cha kuigiza kikililiwa ndani ya nyumba, chini ya bati, kifo kinasikia, kinadhani kimeitwa, na kabla wiki haijaisha kinakuja kumchukua mtu wa nyumba hiyo hiyo. Msinicheke. Aliyeniambia ni kaka Lusajo, mpangaji wa chumba cha pili, mlinzi wa maghala ya viazi, mtu mzima, mpole, tena aliniambia kwa sauti ya chini huku akiangalia dari, sasa mtu anayeangalia dari namna ile unambishia vipi?

"Mtunzi," akasema (pale nyumbani Uyole wote waliniita Mtunzi, wachache kwa heshima), "kilio cha mchezo kinaliliwa mbali na bati. Wapeleke watu wako kule uwanja wa shule."

Basi aibu yangu ilianzia hapo, na ni aibu kubwa, masikio yangu bado yanawaka hadi leo na hata baridi ya mwezi wa saba, ile inayogandisha maji ndooni na maneno mdomoni, haijaweza kuyapoza.

Mjue kwanza mimi ni nani. Mchana nauza chipsi, na katikati ya mteja na mteja naandika tamthilia, ndiyo maana kurasa zangu zote zinang'aa mafuta. Ile ilikuwa ya kwanza kupata jukwaa la kweli: baba tajiri anafariki, watoto wanagombea shamba, basi hapo ni machozi mwanzo mwisho. Waigizaji walikuwa wenzangu wanne wa masomo ya jioni, na nyota wetu alikuwa Neema, muuza parachichi, dada mwenye sauti ambayo akiita mteja Uyole, Igawilo wanageuka. Ukumbi tuliupata kwa Mzee Ambakisye, mwenye nyumba wangu, mgane na mzee wa kanisa, anayeshika ufunguo wa ukumbi wa usharika. Alikuwa ameniahidi Jumapili saa tisa, akaenda zake Chimala kuvuna mpunga. Ufunguo ule ndio uliokuwa maisha yangu. Bila ufunguo, mimi ni muuza chipsi mwenye karatasi chafu.

Jumamosi, siku moja kabla ya onyesho, tukatoka kwenda uwanja wa shule kama Lusajo alivyoelekeza, lakini upepo uliokuwa unavuma huko ungeweza kumbeba ng'ombe, Neema akasema hawezi kulia huku meno yanagongana, nami kwa akili yangu yote ya kisomo nikaamua: turudi, tulie uani kwetu. Uani si ndani. Uani hakuna bati. Uamuzi mdogo tu, ndugu zangu, wa kutembea hatua chache.

Neema akajitupa chini akafungua koo: "Baba weee! Baba mwenye nyumba hii, umetuacha na nani!" Nami nikampigia makofi, nikamwambia tena, kwa nguvu zaidi, mpaka jukwaa litetemeke. Akarudia. Na tena.

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa Mama Kissa, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwa anasalimiana na Mzee Ambakisye tangu kuku wake walipofukua kitalu cha kabichi cha mzee. Akaingia na mzigo wa kuni kichwani, kitenge kimefungwa kiunoni, akatua kuni, akakaa chini bila neno, akaanza kulia. Moyo wangu ukaruka! Mtazamaji! Tena analia kabla hata ya tukio la pili! Wakaja kina mama wengine na unga na maharage, wakaja wanaume na mabenchi, wakakaa kimya, kofia mikononi. Kina baba wanne wakafunga turubai, nikajua wanaikinga sanaa isipigwe na upepo. Moto ukawashwa, sufuria kubwa likabandikwa.

Mtaniuliza, wewe umekulia Kilolo, umebeba kuni za misiba tangu hujajua kufunga kamba za viatu, unajua kabisa kwamba kilio kikisikika watu hawaulizi maswali, wanabeba walicho nacho na kuja kukaa, ulishindwaje kujua? Sifa, jamani. Sifa ziliniziba macho. Nilikuwa nazunguka pale kifua mbele kama jogoo wa mjini, nawanong'oneza waigizaji, "Mnaona? Watu wa Uyole wana kiu ya sanaa, wamekuja mpaka na maharage!"

Lusajo naye akatoka chumbani kajifunika blanketi, macho mekundu kama nyanya. Wakamshika mabega, "Pole, baba, jikaze," wakamkalisha benchi la mbele, naye akabaki pale ameduwaa.

Mama Kissa akanijia, akanishika mkono. "Mwanangu, nilipiga simu ya mzee, haipatikani. Ndipo nikajua ni kweli." Sikumwelewa, ila msanii huwa hakatishi hisia za mtazamaji. "Jeneza je?"

"Jeneza linakuja kesho, mama," nikajibu kwa furaha, maana lile la mchezo lilikuwa kwa fundi. "Fundi anamalizia kupaka rangi."

"Na ibada itakuwa wapi?"

Nikaona, mama wa watu, onyesho analiita ibada, hiyo ni heshima ya juu kabisa. "Ukumbi wa usharika, saa tisa. Mzee mwenyewe alishatupa ukumbi kabla hajaondoka."

"Alijipangia mwenyewe!" akapiga yowe, na kina mama wote wakapokea, uani pakarindima, nami (Mungu anisamehe) nikapunga mikono juu kama mwalimu wa kwaya nikisema, "Hapo hapo! Msishushe sauti!"

Ndipo bajaji ikasimama barabarani, ina magunia ya mchele. Akashuka Mzee Ambakisye.

Mimi nilikuwa nimempa mgongo, haya yafuatayo nilisimuliwa. Mzee akaona turubai nyumbani kwake, watu wamejaa, moto unawaka, akajua mpangaji wake mmoja amefariki. Naye akafanya kama mtu mwenye adabu anavyofanya: akavua kofia, akaingia polepole, akakaa benchi la nyuma, akainamisha kichwa. Baada ya muda akamnong'oneza aliyekaa naye, "Ndugu yangu, ni nani ametutoka?"

Yule bwana akajibu bila kugeuka, "Mzee Ambakisye."

"Ambakisye yupi?"

"Huyu mwenye nyumba."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akauliza, "Kwani aliumwa nini?"

Hapo yule bwana akageuka.

Sijawahi kuona benchi la watu sita likibaki tupu kwa kasi ile. Sufuria lilipinduka, turubai likatuangukia, Neema aliyekuwa akigaragara alinyanyuka akakimbia akiwa wa kwanza, na kuna baba mmoja mnene alipita juu ya uzio wa mabanzi ambao mbuzi wangu mwenyewe ulikuwa unamshinda. Vumbi lilipotulia tulibaki watatu tumesimama: mimi, Mama Kissa aliyeshika mwiko kama silaha, na marehemu.

"Mtunzi," akasema. "Njoo hapa."

Nikaeleza. Nilieleza bati, upepo, tukio la pili, jeneza la fundi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo watu walivyorudi mmoja mmoja, na kadiri walivyorudi ndivyo walivyonitazama kama mtu anayestahili lile jeneza. Mzee akaingiza mkono mfukoni akautoa ufunguo, akautazama. "Ukumbi hakuna," akasema.

Nilihisi kurasa zangu zote za mafuta zinazama.

Mzee akamgeukia Mama Kissa, akauona mzigo wa kuni, akayaona macho yake. "Wewe nawe ulikuja kunililia?"

"Nililia," Mama Kissa akasema kwa hasira. "Tena nililia sana, kwa sababu ungekufa hatujasalimiana. Na kwa kuwa hujafa, kuni zangu nitazibeba!"

"Ziache," mzee akasema. Akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni taratibu kama gari bovu asubuhi ya baridi. "Ziache, shemeji. Mchele wa Chimala huo kwenye bajaji, pikeni tule." Kisha akanigeukia. "Ufunguo nitakupa. Ila huyo baba yako wa kwenye mchezo, kesho asife."

"Mzee! Baba asipokufa hakuna mchezo!"

"Na bila ufunguo hakuna mchezo."

Nikapokea ufunguo. Jioni ile ile, sahani ya wali pajani, niliandika upya mwisho mzima, nikiandika kwa kasi hadi kalamu ikatoa moshi: baba anarudi safarini, anakuta msiba wake mwenyewe, anakaa benchi la nyuma. Neema akiusoma alicheka hadi akalia, machozi ya kweli yale, ambayo tulikuwa tunayatafuta mwezi mzima.

Jumapili ukumbi ulifurika hadi madirishani. Wengine walitoka Rujewa na gunia la unga kwa sababu habari za msiba ziliwafikia na habari za kufufuka hazikuwafikia! Baba wa mchezo alipouliza, "Kwani aliumwa nini?" paa lilitaka kung'oka, Mzee Ambakisye akasimama mstari wa mbele akapiga kelele, "Ndivyo nilivyouliza! Hivyo hivyo!" na Mama Kissa aliyekaa pembeni yake akamvuta koti akae chini. Nami nyuma ya pazia nilikuwa narukaruka peke yangu kama kichaa.

Niliapa siku ile kwamba sitakaa nifanye mazoezi ya kilio kabla ya kupita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa, na kwamba nikiona mtazamaji amekuja na kuni nitamuuliza kwanza amekuja kufanya nini.

Watu walipotawanyika nilimkuta Lusajo anapanga mabenchi. Nikamshukuru. Nikamwambia, kaka, ona tulivyolilia nje, hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekufa, kweli kifo hakikusikia.

Akaweka benchi chini, akanitazama kwa huruma.

"Mtunzi," akasema, "hakuna kifo kinachosikiliza chini ya bati. Mimi nalinda usiku, nalala mchana. Nilitaka tu muende mbali nipate usingizi."