Mama Imekataa na mashine isiyomwamini mtu

Lango la soko la mbao linafunguliwa asubuhi, na Mama Imekataa anaanza kwa kukunja mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko. Baridi ipo, tena ya kuuma. Anakunja hivyo hivyo.

"Nikivaa mikono mirefu watasema nimeficha noti humo," anasema. "Na mimi ningekuwa wao, ningesema vivyo hivyo."

Kisha anatoa kwenye mkoba mashine ndogo inayotumia betri, haizidi pasi ya nguo kwa ukubwa, na kuiweka juu ya meza iliyo wazi pande zote. Kazi yake ni kuhesabu pesa za watu wasioaminiana na kuzinasa noti bandia. Muuzaji anasimama kulia, mnunuzi kushoto, na wote wawili wanavikodolea macho vidole vyake badala ya mashine.

Kwa kila bunda hulipwa kiasi cha kununua mkate mmoja. Siku nzuri huondoka na mikate ishirini. Siku mbaya, mitatu, na maneno ya watu juu yake.

Zamani alikuwa keshia wa duka la jumla. Noti bandia ilikutwa kwenye droo yake, akakatwa mshahara miezi minne, kisha akaachishwa kazi.

"Hawakuniita mwizi," anasema. "Walisema, 'Mama, tunakutakia kila la heri.' Bora wangeniita mwizi, ningejibu!"

Mashine aliinunua kwa akiba yake na mkopo wa dada yake, ambaye hadi leo hupita mara kwa mara kuhakikisha kwamba haijauzwa.

Jina lake la soko limetokana na neno moja. Mashine ikilia, yeye hasemi "feki." Husema, "Imekataa."

"Feki ni neno la kumtoa mtu roho," anaeleza. "Hapa ukilitamka, hakuna anayeuliza la pili."

Siku ya mahojiano haya anafika fundi wa vitanda, mwanamume wa makamo aliyepata oda ya nyumba ya wageni. Ameleta bunda moja. Mashine inazimeza noti, inasimama, inalia: tii, tii, tii. Inafanya hivyo mara tano.

"Imekataa," anasema Mama Imekataa.

"Feki!" muuzaji wa mbao anapaza sauti. "Nilijua tu! Macho yanamkimbia tangu alipoingia!"

Wapagazi wanatua mizigo. Mmoja anabaki na kipande cha ubao mkononi. "Na mwenzake yuko wapi? Hawa hawatembei peke yao." Hata mwandishi anajikuta akivichunguza viatu vya fundi, kana kwamba viatu vingetoa ushahidi.

"Nani amesema feki?" Mama Imekataa anauliza, kiganja chake kikiwa juu ya zile noti tano. "Mimi nimesema imekataa. Kaka, pesa hii ulikuwa umeiweka wapi?"

Fundi anatazama lango.

"Kaka, nakuuliza kwa wema. Hawa hawana subira."

Fundi anashusha sauti. "Ndani ya bitana ya koti. Labda koti lilifuliwa."

"Labda!" muuzaji anafyonza.

Mashine humulika noti kwa taa ya zambarau. Noti halali hubaki imefifia, ya bandia hung'aa. Lakini hata noti halali ikilowa sabuni ya unga hung'aa, na mashine haijui habari za kufua. Mama Imekataa analijua hilo, ila hamwachilii fundi hivi hivi. "Hata mwongo anaweza kusingizia sabuni," anasema. "Mpigie mkeo. Weka sauti kubwa. Usimwambie kitu, nitauliza mimi."

"Mama yangu, chochote, ila si hilo!"

Mpagazi anauinua ubao. Fundi anapiga simu.

"Dada, habari za asubuhi," anasema Mama Imekataa. "Eti, uliwahi kufua koti la mzee?"

"Lile la kijani? Nimeliloweka juzi na sabuni ya unga, lilikuwa linanuka. Kwani vipi?" Sauti inasita. "Baba watoto, upo hapo? Lilikuwa na nini? Si uliniapia huna hata senti?"

Soko zima linaangua kicheko. "Kikulacho ki nguoni mwako!" anapiga kelele mpagazi, na ubao anautupa chini. Fundi anakata simu. Jasho linamtoka, lakini yu mzima.

Muuzaji peke yake hacheki. "Koti limefuliwa, sawa. Nani kaniapia kwamba tano hizi ndizo zilizokuwamo? Sizichukui."

Hapo Mama Imekataa anafungua pochi yake na kutoa noti tano, kipato cha wiki nzima. Anampa fundi. Zile zilizokataliwa anazichukua yeye, azipeleke benki kesho.

Na benki wakisema ni bandia?

"Basi nimeliwa, tena mara ya pili. Lakini mtoto wa watu angepigwa mezani kwangu, kwa mlio wa mashine yangu." Anatabasamu kidogo. "Yeye sikumwamini. Nilimwamini mkewe. Ile hasira haikuwa ya kufundishwa."

Fundi anazipokea zile noti tano. Kabla ya kumkabidhi muuzaji, anazinyanyua kwenye mwanga wa jua, moja baada ya nyingine, akizigeuza huku na huku. Wapagazi wanaguna. Mama Imekataa anangoja amalize.

Baadaye, soko limetulia, anaulizwa kuhusu mipango yake. Mashine ya pili? Ofisi?

"Ndiyo, nataka ya pili, nimwajiri mtu," anasema. "Nikimpata wa kumwamini." Kisha anacheka mwenyewe. "Ila ninachotamani hasa ni mtu mmoja apokee pesa mkononi mwangu, aitie mfukoni, aende zake. Jana nilimpa mume wangu ya sokoni, akaihesabu mara mbili. Noti zenyewe zilikuwa mbili."