Firigisi ya Phelista

Phelista hakunenepa kwa bahati mbaya. Aliufanyia kazi mwili ule miaka na miaka, ameketi juu ya marobota ya mitumba sokoni Kitale, chai ya maziwa mkono mmoja, mandazi mkono wa pili, na mdomo ukibaki na nafasi ya kuwasema wateja wanaovuta sweta hadi zilegee kisha waondoke bila kununua. Nyumbani kwao Bokoli hakuna aliyelalamika. Walisema biashara imemkubali.

Ndipo figo za Mukhisa, mdogo wake wa kumfuata, zikagoma. Akawa mtu wa kulazwa kando ya mashine Bungoma kila wiki, damu yake ikitolewa, ikisafishwa na kurudishwa, huku maji ya kunywa akipimiwa kama dawa. Ukoo ukaitwa kupimwa. Wanaume wengine walipatikana na presha, wengine walipatikana na safari za ghafla. Aliyefaa akawa Phelista peke yake.

Madaktari wa Eldoret walimsifu figo, wakamlaumu mwili. Kumpasua mtu wa kilo zile ni kumtafutia matatizo, walisema. Ashuke chini ya tisini kabla ya mwezi wa nane, la sivyo hawatamgusa. Na Mukhisa hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumpa figo.

Phelista akatafuta kocha. Akampata Jerono, muuza maziwa kutoka Endebess aliyekuwa na kibanda jirani. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba ni Mkalenjin. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kukimbia, na kwa kweli mara ya mwisho alikimbia kwa sababu ya fahali.

"Siku ya mazoezi usijinyime, mama," Jerono alimfundisha. "Watu wetu wa mbio wanakula ugali kama mlima. Mwili ukifanya kazi unadai."

Hapo hakusema uongo. Ila watu wake wa mbio huwa wameshamaliza vilima wakati wengine wanatafuta sabuni ya kunawia uso. Phelista alitembea kutoka sokoni hadi karibu na Kipsongo, akisimama kusalimia kila anayemjua, na alijua watu wengi. Akirudi alihema vizuri sana, kisha akaulipa mwili deni lake: chapati mbili, maharagwe, na parachichi kwa ajili ya afya. Siku za kupumzika alikuwa mtawa wa kabichi na yai la kuchemsha. Siku za mazoezi alikuwa mgeni wa harusi.

Jumamosi ilikuwa balaa zaidi. Alishuka matatu kwenye lami akatembea hadi nyumbani Bokoli, jasho likimtiririka, na kumkuta mjomba Walubengo amekaa kwenye kiti kikubwa na kuku ameshaiva. Hakuwa kuku wa kawaida. Kila mara sahani ya Phelista ililetwa na firigisi juu yake.

Pande zile firigisi ni ya mwenye boma. Bibi zao hata mchuzi wa kuku hawakuonja, waliishia kuchemsha na kunusa. Leo mwanamke anapewa firigisi mbele ya wanaume, nao wanameza mate kimya. Angekataaje? Alikula, akasahau kwamba chini ya ile firigisi kulikuwa na paja, na chini ya paja kulikuwa na ugali.

"Kula, dada," Mukhisa alimhimiza kwa sauti ndogo, akishika nusu kikombe chake cha maji. "Umetembea mbali. Usije ukaanguka njiani."

Aliporudi Eldoret, mizani haikujali heshima ya mtu. Phelista alikuwa ameongezeka. Alivua viatu, akavua leso, akatazama pete yake ya ndoa kwa jicho la kuishuku. Daktari, binti mdogo mwenye subira, akamuuliza anakula nini siku za mazoezi. Phelista akamweleza yote, hata parachichi.

"Mama, ule mwendo wako chapati moja inaulipa, na chenji inabaki," daktari akasema. "Anayekimbia asubuhi nzima aongeze chakula, ni haki yake. Wewe ukitembea kisha njaa ikakubana kweli, kunywa maji, ongeza mboga, ongeza yai. Usiongeze sahani."

"Na nikipewa kuku?"

"Nani anakupa kuku?"

"Watu wanaotaka nikonde," Phelista akajibu, na alipojisikia akilitamka jambo hilo akaona aibu.

Jumamosi iliyofuata alifika Bokoli kwa miguu kama kawaida. Sahani ikaja. Akaisukuma katikati ya meza.

"Sili."

Kijiko cha mtu kilianguka. Mjomba Walubengo akamtazama kama aliyetema mate kanisani. "Ati huli? Phelista, hiyo ni firigisi! Mimi mwenyewe nimeinyimwa, bana!"

"Nani amekunyima, mjomba?"

Mzee akafunga mdomo, akachelewa. Macho yake yalikuwa yameshakimbilia kwa Mukhisa.

"Kuku ni wangu," Mukhisa akasema. "Nimekuwa nikichinja wangu. Nilimwambia mjomba akupe firigisi kwa sababu hiyo huwezi kukataa." Akaweka kikombe chini. "Ukibaki mnene, hawatakukata. Nikifa mimi, ni mimi. Ukifa wewe kwa ajili yangu, nitaishi vipi na figo yako?"

Phelista alikasirika hadi masikio yakamuwaka. Miezi mizima ya kabichi! Kisha akamwona alivyokwisha, shingo kama ya mtoto ndani ya kola ya shati, na hasira ikageuka machozi.

"Mjinga wewe," akamwambia. "Mjinga wa mwisho. Figo ni yangu, hukuitengeneza wewe. Nitampa nimtakaye, na nakutaka wewe. Mimi pia naogopa. Nani alikuambia siogopi?"

Phelista akavuta sahani, akaiweka mbele ya mjomba Walubengo, ambaye hakuhitaji kubembelezwa, akasimama. Alikuwa anarudi barabarani kutembea tena, na safari hii bila malipo. Kamba za viatu zilikuwa zimefunguka. Akajaribu kuinama, tumbo likakataa, akatukana.

Mukhisa akainuka polepole, akishika meza, kisha ukuta. Akapiga magoti mbele ya dada yake, akavuta kamba za kiatu cha kwanza kwa nguvu alizokuwa nazo, na kuzifunga mafundo mawili.

"Zinabana?" akauliza.

"Kaza," Phelista akasema.