Fulana ya Surf Niliyoendea Ukweni

Haya, chekeni mapema mmalize, maana aibu hii nimeibeba miaka yote na leo naitua. Ilikuwa enzi mitumba ndiyo kwanza imeruhusiwa, nami nikanunua mnadani Mbinga fulana ya njano yenye picha ya Mzungu kasimama kwenye ubao juu ya wimbi, chini imeandikwa SURF, nikasema hii ndiyo ya kuendea ukweni Kihagara, kijiji cha kando ya ziwa, kwa sababu mimi Mmatengo wa milimani, mtoto wa kahawa (ziwa nilikuwa nimeliona kwa mbali tu, tena nikiwa juu ya lori), na baba yake Agnesi alishasema hampi binti yake mtu anayeogopa maji.

Mzee akaitazama fulana. "Hilo neno maana yake nini, kijana?"

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini nilikuwa nimedhamiria kumpata Agnesi, nikajibu, "Ni Kilatini, mzee. Maana yake mtawala wa mawimbi." (Kilatini changu chote ni cha misa.)

"Hapa watoto wanacheza hivyo na vipande vya mitumbwi," akasema, "ila neno letu la Kinyasa maana yake ni kubebwa tu. Hebu tuonyeshe huko kutawala."

Nikavua viatu, nikapewa ubao, nikaingia na fulana yangu, ukoo mzima umejipanga ufukweni. Wimbi la kwanza likanirudisha, la pili likaninywesha maji, Agnesi akaniita nitoke nikakataa, nikasema hata nife leo nasimama, na kweli nikasimama, kufumba na kufumbua, kisha ubao ukaenda kwake na mimi kwangu, chini.

Kuja kuzinduka niko mgongoni kwa mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo pale majini, natapika begani kwake, na kwa vile sikuwa nimemsalimu nikaona bora niwe na adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Shika vizuri."

Kumbe ndiye mama yake Agnesi, mtu ambaye hata kumpa mkono nilikuwa naogopa.

Nikajua mke nimemkosa. Mzee akaanza, "Sasa mtu kama huyu..." Mama akamkatiza palepale, nguo zinamchuruzika. "Huyu nimeshambeba. Mtoto uliyembeba unamrudisha wapi?"

Agnesi ndiye huyo anayewamiminia chai, anajifanya hacheki. Mwalimu mmoja aliniambia baadaye kwamba hata Waingereza hawana hakika neno lile la kwenye fulana lilitoka wapi. Mimi ile maana ya kule Kihagara, kubebwa tu, inanitosha, na fulana yenye maandishi sivai tena.